Berlin kwa Mwendo wa Mtoto

Mtoto aliyetimiza mwaka mmoja na bado hajafika miaka mitatu ni msafiri mgumu kuliko kichanga na kuliko mtoto wa shule. Kichanga hulala popote anapowekwa. Mtoto wa shule huambiwa asubiri, akasubiri. Huyu wa katikati ana miguu lakini hana mwendo, ana matakwa lakini hana maneno ya kuyasema, na saa zake za kula na kulala hazibadilishwi na tiketi ya mtu yeyote. Masimulizi haya yanaifuata familia moja ya Dar es Salaam, yaani mwandishi, mkewe na binti yao aliyekuwa amepita kidogo mwaka mmoja na nusu, katika safari ya kwenda Berlin kupitia Istanbul mwezi Juni, wakati wa kiangazi cha Ulaya.

Kazi huanza na karatasi. Mtoto wa Kitanzania husafiri kwa pasipoti yake mwenyewe, inayoombwa Idara ya Uhamiaji kwa cheti cha kuzaliwa kutoka RITA na ridhaa ya wazazi. Viza ya Schengen, inayomruhusu mgeni kukaa siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180, haimtozi ada mtoto aliye chini ya miaka sita, wala haimdai alama za vidole mpaka atimize miaka 12. Mengine yote anadaiwa kama mtu mzima: fomu yake, bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000, na picha. Picha ndiyo yenye jasho. Uso utazame mbele, macho yawe wazi, mdomo ufungwe, na mkono wa mzazi usionekane popote. Wapiga picha wazoefu humlaza kichanga juu ya shuka jeupe wakampiga kwa juu; mtoto anayejua kujigeuza na kuondoka hawezi kulazwa, hivyo hukaliwa na subira hadi ajisahau. Mzazi asafiriye peke yake na mtoto ni vyema abebe barua ya ridhaa ya mwenzake, hata kama hakuna aliyemwambia. Nchi hubadilisha masharti: Afrika Kusini ilianza mwaka 2015 kudai cheti kamili cha kuzaliwa kwa kila mtoto anayeingia, ikalegeza mwaka 2019 baada ya sekta ya utalii kulalamika.

Kwa upande wa nauli, miaka miwili ndiyo mpaka. Aliye chini ya umri huo hupakatwa na mzazi na katika safari za kimataifa hulipiwa kiasi cha asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima, bila kiti. Akitimiza miaka miwili lazima anunuliwe kiti. Umri huo huhesabiwa siku ya kila ndege, si siku ya kukata tiketi. Mtoto anayesherehekea miaka miwili akiwa ugenini huenda akipakatwa na hurudi akiwa na kiti, na wazazi wasiojua hilo hulishtukia kwenye kaunta ya uwanja wa kurudia.

Kupakata kwenyewe kuna mjadala wa zamani. Julai 1989 ndege ya abiria ilianguka Sioux City, jimbo la Iowa nchini Marekani, ikiwa na watoto wanne waliopakatwa. Mmoja wao alifariki. Mhudumu mkuu wa ndege hiyo, Jan Brown, aliyekuwa amewaagiza wazazi wawaweke watoto sakafuni kama kanuni za wakati ule zilivyotaka, alitumia miaka iliyofuata kuishawishi serikali ya nchi yake imdai kila mtoto kiti chake. Mamlaka ya usafiri wa anga ilikataa. Ilisema familia zikilazimishwa kulipa zaidi nyingi zitaamua kwenda kwa gari, na barabarani ndiko wanakofia watu wengi zaidi. Hoja hiyo ina uzito kwa anayetoka Chicago kwenda Denver. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Berlin hana barabara ya kuchagua. Katika ndege nyingi za Ulaya mtoto wa kupakatwa hufungwa mkanda mdogo unaopitishwa kwenye mkanda wa mzazi, ilhali Marekani mkanda huohuo hauruhusiwi. Kwa maoni ya mwandishi, mwenye uwezo anunue kiti. Asiye nao aulize kaunta, kwa upole na mapema, kama kuna safu yenye nafasi wazi.

Kitanda kidogo kinachoning'inizwa kwenye ukuta mbele ya safu ya kwanza husifiwa kuliko kinavyostahili. Mashirika mengi hayamkubali mtoto aliyezidi kilo 10 au 11, na wa mwaka na nusu mara nyingi ama amepita uzito huo ama miguu yake inatokeza nje. Hata anayetosha hawezi kuachwa humo taa ya mikanda inapowaka: ndege ikitikisika, mtoto aliyebembelezwa kwa saa nzima huinuliwa, na kazi huanza upya.

Ndege za usiku zinazotoka jengo la tatu la uwanja wa Julius Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2019, huwakuta watoto katika saa ambayo hawajawahi kuwa macho. Wengine hulala mabegani kabla ya kufika kwenye ukaguzi. Wengine, akiwamo binti wa safari hii, huona sakafu pana inayong'aa na kuamua kwamba usiku umefutwa. Kwenye ukaguzi, kanuni ya vimiminika visivyozidi mililita 100, iliyoletwa mwaka 2006 baada ya kugunduliwa njama ya kulipua ndege zilizotoka Uingereza, haiyagusi maziwa, maji na chakula cha mtoto kwa kiasi kinachohitajika njiani. Afisa anaweza kutaka kuvipima, kwa hiyo chupa ya uji wa lishe isifungiwe chini kabisa ya begi.

Hewa ndani ya ndege husukumwa hadi kiwango cha mtu aliye kwenye mwinuko wa kati ya mita 1,800 na 2,400, nayo ni kavu sana. Mtoto huhitaji kunywa mara nyingi kuliko anavyoomba. Masikio ndiyo yanayoogopwa zaidi. Mrija unaounganisha sikio la kati na koo ni mwembamba zaidi kwa mtoto na umelala, haujainama kama wa mtu mzima, hivyo husawazisha mgandamizo wa hewa kwa shida, hasa ndege inaposhuka. Kumeza huufungua. Kumnyonyesha, au kumpa kikombe chenye mdomo, kufanyike tangu ndege inapoanza kushuka, kama nusu saa kabla ya kutua. Wazazi wengi huitoa chupa ndege inapopaa, ikawa tupu wakati inahitajika. Aliyelala humeza mara chache, na kumwamsha, ingawa moyo hukataa, humwepusha na maumivu.

Abiria wa jirani hawakuwa tatizo kubwa kama ilivyohofiwa. Katika saa saba hivi za kwenda Istanbul, mtoto alilia kwa vipindi viwili, na mama mmoja mwenye hijabu aliyeketi ng'ambo ya njia alimnyooshea tasbihi yake aichezee bila kumuuliza mtu. Tabia hiyo ilikuwa utangulizi wa uwanja wa Istanbul wenyewe, ambako wafanyakazi humwita mtoto, humshika shavu na kuivusha familia nzima mbele ya foleni. Kwa Mswahili hilo si geni. Uwanja huo, uliofunguliwa mwaka 2018, ni mpana kiasi cha kuchosha mtu mzima asiye na mzigo, na kigari cha mtoto kilichokabidhiwa mlangoni mwa ndege hakikurudishwa mlangoni. Kilipelekwa moja kwa moja Berlin. Mbeleko ya kanga ilifanya kazi yake yote iliyobaki. Mtoto akiwa mgongoni, mikono ya mzazi ni huru, ngazi za umeme hazina hofu, na usingizi huja wenyewe. Kigari ni kizuri mjini, lakini anayebadilisha ndege asiondoke nyumbani bila mbeleko.

Usumbufu mkubwa kuliko wote ulisubiri Berlin, nao haukutoka upande uliotazamiwa. Tofauti ya saa kati ya Dar es Salaam na Ujerumani wakati wa kiangazi ni saa moja tu, na mtu hudhani usingizi hautakuwa na shida. Lakini mtoto hafuati saa ya ukutani, hufuata jua. Dar es Salaam iko karibu nyuzi saba kusini mwa ikweta, na mwaka mzima jua huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni. Mtoto wa huko amejifunza bila kufundishwa kwamba giza likiingia kinachofuata ni kuoga, kula na kulala. Berlin iko zaidi ya nyuzi 52 kaskazini. Mwezi Juni jua lake huzama saa tatu na nusu usiku, mwanga huchelewa zaidi kuondoka, na jua huchomoza tena kabla ya saa 11 alfajiri. Mwanga huuzuia ubongo kutoa melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala. Basi ikifika saa mbili usiku, wakati mwili wa mtoto unahesabu saa tatu ya nyumbani na macho yamekuwa mekundu kwa uchovu, nje bado ni mchana mweupe, naye anaonyesha dirisha kwa kidole na kudai viatu vyake.

Dawa yake ni giza la kutengeneza. Mapazia ya nyumba nyingi za zamani za Berlin ni mepesi, na vitenge viwili vilivyopandanishwa na kubanwa kwa vibanio vya nguo hufanya kazi kuliko pazia lolote la hoteli. Chumba kikishakuwa cheusi, utaratibu wa nyumbani ufuatwe kwa mpangilio uleule, maji kwanza, kisha uji, kisha wimbo, hata kama wazazi wanaona haya kuimba mbele ya wenyeji wao. Siku za mwanzo mtoto alilala kwa kuzidiwa tu. Baadaye giza la vitenge lilikubalika.

Alfajiri ni habari nyingine. Aliyezoea kuamka saa 12 Dar es Salaam huamka saa 11 Berlin, tena akikuta jua limeshatoka. Katika majengo ya Ujerumani saa za utulivu huanza saa nne usiku hadi saa 12 asubuhi, na sakafu za mbao hupeleka kila kishindo kwa jirani wa chini. Nchi hiyo imeliwaza suala la kelele za watoto hadi kulitungia sheria: mwaka 2011 bunge lilirekebisha sheria ya udhibiti wa kero za mazingira ili kelele za watoto kwenye shule za awali na viwanja vya michezo zisihesabiwe, kwa kawaida, kuwa uchafuzi, baada ya majirani wengine kuzishitaki shule mahakamani. Hata hivyo sheria hiyo haisemi lolote kuhusu mtoto anayekimbia sebuleni saa 11 alfajiri. Suluhisho pekee lilikuwa kutoka nje. Hapo ndipo usumbufu ulipogeuka kuwa faida, kwani jiji la alfajiri ni tulivu, njia za bustani ziko tupu, sungura wanakula majani bila woga, na duka la mikate la kwanza linapofunguliwa mteja wake wa kwanza ana umri wa chini ya miaka miwili. Watalii wanaolala mpaka saa tatu hawaijui Berlin hiyo.

Usafiri wa mjini humpendelea mtoto. Aliye chini ya miaka sita halipi nauli kwenye mabasi na treni za jiji, wala kwenye treni za Deutsche Bahn, na baadhi ya treni za mwendo kasi zina chumba maalumu kwa familia zenye watoto wadogo, chenye nafasi ya kigari na sakafu ya kuchezea. Basi lina mlango wa katikati na sehemu ya vigari. Kasoro iko kwenye vituo vya zamani vya chini ya ardhi: lifti hakuna, au ipo na imeharibika. Mtu asiyejulikana hushika upande wa mbele wa kigari, akakipandisha ngazi zote, akakiweka chini na kuondoka bila neno wala kungoja shukrani. Kwa teksi mambo ni magumu zaidi, kwani sheria hudai kiti maalumu kwa kila mtoto wa chini ya miaka 12 aliye mfupi kuliko sentimita 150, na dereva asiye nacho ana haki ya kukataa.

Ukarimu huo wa mikono hauna maneno, na mtoto wa Kiswahili haumtoshi. Kwenye daladala mtoto hupokewa na yeyote aliyepata kiti, akapakatwa mpaka mwisho wa njia. Ndani ya treni ya Berlin hakuna amgusaye mtoto wa mwenzake. Binti alimnyooshea mikono abiria wa pembeni, naye akatazama simu yake. Alimpungia wa pili, wa tatu. Hatimaye bibi mmoja alimpungia naye, kisha akamgeukia mama yake na kuonyesha, kwa ishara zisizohitaji tafsiri, kwamba mtoto hana soksi.

Chakula hakikuleta vita kubwa. Mtoto wa umri huo huwa na vyakula vichache anavyoviamini, na ugenini huvishikilia zaidi. Unga wa lishe wa kutosha ulibebwa kutoka nyumbani, ndizi na mayai yako kila duka, na maji ya bomba ya Ujerumani hunywewa bila kuchemshwa. Mtindi uliziba pengo. Pampasi hazina haja ya kusafirishwa. Duka la dm katika matawi yake mengi huweka meza ya kubadilishia mtoto pamoja na nepi za bure. Mkahawa wa watu wazima, wenye vitambaa vyeupe na subira ndefu kati ya sahani na sahani, ulijaribiwa na kuachwa.

Kwa Mtanzania aliye Berlin kuna mahali pasiporukwa: Jumba la Makumbusho ya Historia Asilia, ambalo katika ukumbi wake mkuu limesimamisha mifupa ya dinosaria aliyefukuliwa Tendaguru, mkoani Lindi. Ana urefu wa mita 13.27 kwenda juu. Wachimbaji wa msafara wa 1909 hadi 1913, mamia ya wenyeji wakisimamiwa uwanjani na Boheti bin Amrani chini ya wanasayansi wa Kijerumani, walitoa ardhini zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe, zikabebwa kichwani kwa mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Mtu mzima anaweza kukaa chini ya mbavu hizo muda mrefu akiwaza nani alilipwa nini, na kwa nini mjadala kuhusu wapi mifupa hiyo ingepaswa kuwa haujaisha. Mtoto wa mwaka na nusu haoni dinosaria kabisa, kwani yuko juu mno. Anaona kamba inayozuia watu, na anataka kupita chini yake. Ziara kama hiyo hufanyika kwa zamu: mmoja hukimbizana na mtoto kwenye korido, mwingine hutazama, kisha hubadilishana. Nusu saa kwa kila mzazi ndicho kipimo cha haki.

Kwenye mtaa wa Wedding ilikuwa kinyume chake. Huko kuna eneo ambalo barabara zake zilipewa majina ya Afrika enzi za ukoloni na baada yake, kama Sansibarstraße na Ugandastraße. Barabara iliyohusishwa na Carl Peters, mkoloni anayekumbukwa kwa ukatili wake upande huu wa Afrika, ilibadilishwa jina Agosti 2024, na sehemu yake moja sasa inaitwa Maji-Maji-Allee. Mgeni mwenye haraka hupiga picha kibao na kwenda zake. Anayetembea na mtoto hutumia asubuhi nzima kuimaliza barabara moja, kwa sababu kila ngazi lazima ipandwe na kila mbwa lazima asalimiwe, na ndivyo anavyosoma maelezo ya vibao, anavyozungumza na wenye mbwa, anavyojua nani bado anakasirikia jina jipya. Karibu na hapo bustani ya Rehberge ina zizi la wanyama wa porini na uwanja wa mchanga, na mtoto aliiona kuwa ndiyo Ujerumani yenyewe.

Afya inahitaji tahadhari moja kuu. Mtoto aliyetoka pwani ya Afrika Mashariki akipata homa Ulaya, mzazi amwambie daktari mara moja kwamba anatoka nchi yenye malaria, kwa sababu dalili huweza kujitokeza wiki moja na zaidi baada ya kuumwa na mbu, na daktari wa huko asipoambiwa ataanza na mafua. Nambari ya dharura ni 112. Kwa ugonjwa usio wa kutisha baada ya saa za kazi ni 116117. Chanjo zikamilishwe kabla ya kuondoka, hasa surua, ambayo Tanzania hutolewa katika miezi tisa na tena katika miezi 18. Kwa safari hii mafua ndiyo yaliyokuja, yakampata mtoto, kisha mama, kisha baba, kwa mpangilio huo.

Kurudi ni kugumu kuliko kwenda, hasa kwa ndege ya mchana, ambayo haina giza la kumsaidia mzazi. Vitu vidogo ambavyo mtoto hajawahi kuviona, kimoja kila baada ya saa moja, husaidia kuliko katuni: bahasha, kitambaa chenye zipu, kijiko cha mbao. Nyumbani, joto na giza la mapema hurudisha usingizi ndani ya siku chache. Homa yoyote baada ya kurudi ipimwe malaria kama kawaida, hata kama familia imetoka nchi isiyo na ugonjwa huo, kwa kuwa chandarua cha kwanza kulaliwa ni cha Dar es Salaam. Safari ijayo itaanza na hesabu nyingine: aliyetimiza miaka miwili hutozwa na mashirika mengi takribani robo tatu ya nauli ya mtu mzima, na kwa bei hiyo hupata kiti, chakula na kilo zake za mizigo.